Gari Lililopandiwa Masale

Niliwaacha nikiwa mtaroni, kando ya barabara ya Kibosho, suruali imechanika magotini, na Mzee Thadeus amesimama juu yangu na fimbo akiniapiza nisikanyage tena kihamba chake cha migomba na kahawa.

Kwa waliolikosa gazeti la juma lililopita, nasema kwa kifupi. Mimi ni Salehe, fundi wa magari hapa Moshi mjini. Nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kuunganisha gari moja zima kutokana na magari yaliyokufa, na mlima huu umejaa magari yaliyokufa. Watu waliyanunua kahawa ilipopanda bei, yakafika juu yakagoma, yakaachwa migombani. Ukienda kuyanunua, hakuna anayeuza. Mchungaji mmoja wa Machame aliniambia Morisi yake ina kuku wanaoatamia, nirudi wakishaangua. Mjane wa Rau alisema marehemu mumewe huja kupumzika ndani ya Fodi yake kila Ijumaa, nikiliondoa atakwenda wapi?

Hata hivyo nilikwisha kupata injini, magurudumu na bodi ya Shevroleti. Bodi niliipata kwa kubadilishana na cherehani ya mke wangu Mwantum, naye sikumwuliza. Alitoka bombani na ndoo yake akakuta mahali pa cherehani pameegemezwa mlango wa gari. Baba yake, Mzee Sadallah, alikuja siku hiyo hiyo akamchukua.

"Siku hilo gari litakapokuja kunguruma mlangoni kwangu, utampata mkeo," aliniambia. "Idd ikipita halijaja, tutaonana kwa liwali utoe talaka."

Gari lilipungukiwa na kitu kimoja tu, difu, lile kasha la gia la nyuma linalozungusha magurudumu. Bila difu injini inanguruma na gari halitoki mahali pake. Na difu ya Shevroleti ya namna ile ilikuwa moja tu mlima mzima, chini ya gari la Mzee Thadeus.

Mzee alipoona koti langu la jeshi aliniuliza kama nilifika Burma. Nikasema nilifika. Akaniuliza kama nilimwona mwanawe Primus, aliyekwenda na jeshi la Keya wakati wa vita vya Hitla asirudi. Nikamwambia Burma ni kubwa, mzee. Akasema gari lile lilikuwa la Primus, naye Primus atakuja kulikuta. Hapo ndipo ulimi uliponiteleza, nikamwambia hilo si gari, ni mzoga.

Fimbo mmeshasikia habari zake.

*

Filbert alicheka mpaka akakaa chini. Filbert ni Mkibosho, anauza spea chakavu karibu na stesheni, na kila shida yangu huanza kwa kumchekesha yeye.

"Umeliita gari la mtu mzoga! Salehe, wewe ni wa kufungwa kamba."

"Nifanyeje sasa?"

"Kaombe radhi. Lakini usiende na maneno, maneno yako ameshayaonja. Nenda na sale."

Sale nalijua kwa macho. Ni lile jani refu ambalo Wachagga hulipanda mipakani na makaburini. Kazi yake nyingine nilikuwa siijui.

"Unalipiga fundo, unapiga goti, unamkabidhi kwa mikono miwili," alisema Filbert. "Mchagga akishikishwa sale hana njia ila kusamehe. Hata kama umemchomea nyumba. Akikataa, laana inamgeukia yeye."

"Halafu namwomba difu?"

"Halafu unakaa, unasikiliza, unafunga mdomo. Difu itakuja yenyewe."

Ulikuwa ushauri mzuri. Laiti ningeufuata kama nilivyopewa.

Nilipita kwanza Majengo kwa mkwe wangu. Mwantum alikuja mlangoni, akaufungua nusu. Alikuwa amekonda, au labda ni mimi nilikuwa na hamu naye.

"Umekula?" akaniuliza.

Huyo ndiye mwanamke ambaye niliitoa cherehani yake bila kumwuliza.

"Nimekula," nikasema uongo. "Mwantum, nimepata njia. Ni kitu kimoja tu kimebaki."

"Wewe kila siku ni kitu kimoja. Mimi sikutaka gari, Salehe. Nilitaka kuulizwa."

Nikamweleza habari ya jani na mzee wa Kibosho. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Yaani umemtukana mzee wa watu, halafu unakwenda kumwomba radhi na jani? Hata aibu huoni? Mkono mtupu haulambwi. Mchukue yule mbuzi."

"Mbuzi wa Idd?"

"Idd bila mimi utachinjia nani?"

Nikaona amesema kweli. Sisi watu wa mjini tumelelewa hivyo, heshima hupimwa kwa ulichobeba. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali jani likiwa peke yake ni heri.

*

Nilipanda Kibosho asubuhi, jani mkono wa kulia, kamba ya mbuzi mkono wa kushoto.

Kuanzia njia panda ya misheni watu walianza kunipisha. Wanawake waliotoka kukata majani ya ng'ombe walitua mizigo yao wakasimama kando. Mwanamume mmoja alivua kofia. Hakuna aliyenitania wala kuniuliza mbuzi nauzaje. Nikasema moyoni, kumbe watu wa huku wana adabu namna hii, nasi huko mjini tunawasengenya bure.

Kwenye mfereji nilimkuta Bernadetha, mke wa Primus, anateka maji. Yeye ndiye aliyeniokota mtaroni juma lile, akanipa maji ya kunawa damu. Aliliona jani akatabasamu. Kisha akamwona mbuzi, na debe likamtoka mkononi.

"Kaka Salehe, unakwenda wapi na vitu hivyo?"

"Kwa mkweo. Kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Sikuwahi kujibu. Kutoka juu, penye migomba, Filemon alipiga kelele. Huyu ni mdogo wake Primus, mtu wa mabega mapana.

"Mwache apite, mwanamke! Mwenye sale hasimamishwi njiani!"

Nikapita. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale pale, maji yanalichukua debe lake naye haoni.

*

Mzee Thadeus alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na gari lake. Masale yalilizunguka gari pande zote, yamesimama kama ua, nalo likawa katikati na kutu yake.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa anamtazama mbuzi.

"Umekuja kwa moyo wako? Hukutumwa na mtu?"

"Sikutumwa, mzee. Nimekuja mwenyewe."

Nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikampa jani kwa mikono miwili. Akalipokea. Akaligusa fundo kwa kidole.

"Juma lile nilikuuliza habari za mwanangu, ukaniambia Burma ni kubwa."

"Ndiyo, mzee."

"Nikakupiga kwa ajili ya neno la mzoga. Kumbe ulikuwa na neno jingine tumboni."

"Neno gani, mzee?"

Akamwonyesha mbuzi kwa kidevu.

"Hapa kwetu jani peke yake ni la maneno. Jani na mnyama ni la damu ya mtu aliyekufa."

Mbuzi akalia. Na mimi ndipo nikaelewa kwa nini yule mtu alinivulia kofia.

"Mzee," nikaanza, "huyu mbuzi ni..."

"Usiseme."

"Hapana, mzee, sikiliza, mimi..."

"Nimesema usiseme!" Akainama mpaka pumzi yake ikanigusa, na sauti ikashuka. "Jani limeshasema. Wewe ukiongeza neno utaharibu. Nyamaza hivyo hivyo ulivyo."

Ningeweza kupiga kelele. Hakunifunga mdomo kwa kitambaa. Lakini nilipoinua macho nimtazame usoni, macho yalipita begani pake, yakaingia chini ya gari, yakaiona difu. Ilikuwa nzima, haina hata ufa. Nikamwona Mwantum anafungua mlango wote badala ya nusu.

Nikainamisha kichwa.

Mzee akanitemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka ya wazee wa huko. Kisha akasimama na kusema kwa sauti ambayo sikudhani anayo.

"Primus amekufa! Huyu alikuwa naye. Amekuja na sale, nami nimemsamehe."

Kilio kilianzia jikoni, kikapokewa na nyumba ya pili, kikavuka mfereji. Kabla sijainuka gotini mlima mzima ulikuwa unajua kwamba nimemleta maiti.

"Gari chukua," mzee aliniambia. "Lilikuwa la kumngoja mtu. Sasa anangojwa nani?"

Miezi mingapi nimebembeleza magari ya watu! Hili nimepewa bure, na nikasahau hata kusema ahsante.

*

Msiba wa watu wale hauna uvivu. Wanaume wa ukoo walikuja na mapanga na kamba, wakafyeka masale ya upande mmoja, wakalivuta gari mpaka ukingoni mwa njia. Mahali lilipokuwa limekaa pakabaki peusi, hapana hata jani. Mzee akasema hapo hapo pachimbwe.

"Kaburi la nani?" nilimwuliza Filemon. "Maiti si yuko Burma?"

"Aliyefia mbali tunamkatia shina la mgomba. Tunalivisha nguo zake, tunalizika. Atajua kwao bado wanamjua." Alikuwa anachimba kwa furaha, sijui niseme vipi, lakini mtu mwenye uchungu hachimbi vile. "Haya masale baba aliyapanda mwenyewe. Unajua lini? Alikwenda Tarakea kununua dume la ng'ombe. Akarudi bila ng'ombe, hasemi na mtu, akaanza kupanda masale kulizunguka gari. Tukasema ni uzee."

Akapumzika juu ya mpini wa jembe, akatazama nyumba ya Bernadetha kule chini, na migomba yake iliyonona na kahawa yake.

"Basi, kaka akishapumzika, nyumba ile nayo itapata mwenyewe. Padri atasema maneno yake. Lakini mjane ni wa ukoo."

Mke wake Filemon, Dominika, alikuwa amesimama karibu na chungu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba likafumba. Alisikia kila neno, akaendelea kukoroga.

Mimi nikachukua spana nikaingia chini ya gari. Gari zima lisingeweza kushuka mlima ule, na mimi haja yangu ilikuwa difu. Najua mtasema, huyu mtu gani, watu wanalia yeye anafungua nati? Ndiyo, nilifungua nati. Nilitaka kuichukua nishuke kabla moyo haujaniuliza maswali.

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na siku ya kukimbia fundi nati zote hugoma.

Nikaona miguu ya mwanamke karibu na gurudumu. Akachuchumaa, akajifunika khanga usoni kama anayelia.

"Dada Bernadetha," nikasema kutoka chini. "Pole sana."

"Usinipe pole. Primus hajafa."

Spana ikaniponyoka ikanipiga kwenye meno.

"Yuko Tarakea," alisema, polepole, mabega yanatikisika kwa ajili ya wanaotazama. "Anaendesha lori la mahindi. Nilikwenda na ndizi sokoni nikakutana naye uso kwa uso. Ana mke mwingine pale, mtu wa upande wa Kenya, na watoto. Alinishika mikono akaniomba nisimwambie baba."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningefanya nini? Niseme yu hai, ametukataa? Mzee angekufa kwa aibu, na mimi ningeambiwa rudi kwenu, mumeo hakutaki. Niseme amekufa? Ningepewa Filemon. Umemwona Dominika?"

"Nimemwona."

"Basi nikasema kila siku, atarudi. Mke wa mtu anayengojwa haguswi. Ninalima, watoto wangu wanasoma misheni, nafunga mlango wangu usiku nalala. Hilo gari lililo juu ya kifua chako ndilo lililokuwa linanilinda, kaka Salehe. Halikuwa zuri, halikuwa linatembea, lakini lilikuwa linangoja. Na wewe ukaja kulinunua."

Damu ya mdomoni ilikuwa na ladha ya kutu.

"Nenda kamwambie ulikosea," alisema. "Sema mbuzi alikuwa zawadi tu."

"Nikisema hivyo, gari linarudi migombani. Idd ni juma hili. Mke wangu ataachwa."

"Mkeo ataachwa. Mimi nitagawiwa."

Majembe yaliendelea.

"Haya, sikiliza," akasema mwisho. "Mimi siwezi kusema, maana nikisema wataniuliza nilijua tangu lini. Lakini kuuliza naweza. Primus alivunjwa gumba la mkono wa kulia na hendeli ya gari hili hili, alipokuwa analiwasha ikamrudi. Gumba limepinda mpaka leo, na kila mtu hapa analijua. Nitakuuliza mbele ya watu ni mkono gani. Ukikosea watajua hukuwa naye. Watakupiga, hawatakuua. Ukipatia, ujue umeniuza kwa chuma."

"Kwa nini umeniambia jibu? Ungeniuliza tu nikosee mwenyewe."

"Ungeweza kubahatisha ukapatia. Nataka ukifanya, ufanye unajua."

Akasimama, akafuta macho yaliyokuwa makavu, akaenda.

*

Difu ilitoka. Niliifunga kwenye gunia nikaiweka chini ya mgomba, pale njia inapoanza kushuka. Kama ningeamua kuibeba nikimbie, sidhani kama kuna ambaye angenifuata. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukimbia. Nadhani ni yale maneno yake, ufanye unajua. Yalinikaa mguuni kama pingu.

Shina la mgomba lilikuwa limelazwa kando ya shimo, limevikwa shati jeupe la Primus na koti lake la Jumapili. Mikono ya koti ilikuwa mitupu. Watu walisimama pande zote, na Mzee Thadeus kichwani mwa kaburi, sale langu lenye fundo bado kalishika.

Wakaliteremsha shina.

"Mwanangu," mzee akaniita. Aliniita mwanangu mbele ya ukoo wake wote. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Tupa udongo wa kwanza."

Nikainama, nikachota udongo. Ulikuwa bado unanuka oili ya gari.

"Baba," Bernadetha akasema.

Watu wakageuka. Mwanamke hasemi kaburini, lakini yeye alikuwa mjane, wakamvumilia.

"Baba, nisamehe. Nataka kumwuliza mgeni neno moja, moyo wangu utulie. Primus alikuwa na alama. Gumba lake moja lilivunjika, likapinda. Mtu aliyelala naye handaki moja hawezi kukosa kuliona. Aniambie, lilikuwa gumba la mkono gani?"

Filemon alinikazia macho, na nilimwona amekaza meno, ananiombea nipatie. Dominika alinitazama kwa jicho lake moja. Bernadetha hakunitazama kabisa, alikuwa anaangalia lile koti tupu shimoni.

Nilimfikiria Mwantum. Nilifikiria mlango ule uliofunguliwa nusu, na liwali, na bodi yangu kule uani iliyotaka kitu kimoja tu. Neno "kulia" lilikuwa tayari ulimini, na zawadi yake ilikuwa inaningoja kwenye gunia. Kisha nikamsikia tena Mwantum, waziwazi, kama yuko nyuma yangu. Nilitaka kuulizwa.

Huyu mwanamke naye alikuwa ameniuliza.

"Kushoto," nikasema.

Mnong'ono ulipita kwenye watu kama upepo migombani. Mtu mmoja alisema "Hee!" Filemon akafungua kinywa. Mimi nikafumba macho nikasubiri jembe la kwanza linipate wapi.

"Kushoto," alisema Mzee Thadeus.

Nikafumbua macho.

"Kushoto. Ndivyo hasa." Alizungusha macho polepole, akamtazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye baba yake. Yuko nani hapa anayetaka kunifundisha gumba la mwanangu?"

Hakuna aliyetaka. Nilimwona Filemon anafunga kinywa chake, na pembe za mdomo zikapanda.

"Amesema kweli. Fukieni."

Filemon akachukua jembe. Udongo ukaanza kuanguka juu ya shati jeupe. Bernadetha alikuwa amesimama wima, midomo imeachana, anamtazama mzee kama mtu aliyeona maji yakipanda mlima.

Sikuelewa. Nawaapia, sikuelewa. Nilikuwa nimesema uongo ili nishindwe, na nimeshinda. Nilibaki na udongo mkononi mpaka vidole vikaniuma.

Shimo lilipojaa, mzee mwenyewe alilisimika lile sale lenye fundo juu ya kaburi. Kisha akaja kwangu, akanishika kiwiko, akanisindikiza mpaka pale njia inapoanza kushuka, kwenye gunia langu. Alikuwa mzee kuliko asubuhi. Bernadetha alitufuata hatua chache nyuma, na mzee hakumwona, au alimwona.

"Chuma chako hicho," aliniambia. "Tengeneza gari lako, mwanangu. Mchukue mkeo, tembeeni. Nenda Arusha, nenda Same, nenda popote."

"Ahsante, mzee."

"Ila usilipitishe Tarakea." Akaangalia chini. "Yule mwenye gumba la kulia lililopinda atalijua kwa mlio wa chuma hicho. Anaweza kutamani kurudi, na mimi nimeshachoka kungoja."

Masale. Aliyapanda aliporudi Tarakea bila ng'ombe. Miaka yote ile mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kaburi, na mimi nikaliita mzoga.

Nyuma yake, Bernadetha alikuwa amesikia kila neno. Naye Filemon alikuwa tayari anashuka kuelekea nyumba ya Bernadetha, na panga mkononi.